Vinasaba Havimpi Mtu Kabila

Kampuni za Marekani na Ulaya humuuzia mteja kichupa, naye hutema mate ndani yake, huyatuma maabara kwa posta na baada ya wiki kadhaa hupokea asilimia za asili yake. Hoja ya makala haya ni kwamba kipimo hicho huonyesha undugu wa damu, lakini hakina uwezo wa kumpa mtu kabila.

Kabila halimo katika vinasaba, hivyo maabara haiwezi kulisoma humo. Husoma mamia ya maelfu ya sehemu za vinasaba na kuzilinganisha na sampuli za watu walio hai ambao asili yao imekwisha kurekodiwa. Mteja akiambiwa kuwa ni asilimia 30 Nigeria, maana yake ni kwamba sehemu hiyo inashabihiana zaidi na sampuli za Nigeria kuliko nyingine zilizomo katika hifadhi ya kampuni. Ndiyo sababu majibu hubadilika kampuni inapoongeza sampuli, ilhali mate ni yale yale. Jamii ambayo haijatoa sampuli haitajwi kabisa.

Vipimo vya mstari mmoja wa ukoo vina upungufu mkubwa zaidi. Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama, na kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Vizazi 10 nyuma, kila mtu ana nafasi 1,024 za wahenga. Mitokondria humwakilisha mmoja tu kati yao.

Pwani ya Afrika Mashariki inalithibitisha hilo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Songo Mnara. Mitokondria zao zilikuwa karibu zote za Kiafrika, huku kromosomu Y nyingi zikielekea Asia, hasa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Basi mwanamume mmoja wa Mtwapa, akipimwa upande wa mama angeitwa Mwafrika, na akipimwa upande wa baba angeitwa Mwajemi. Majibu yote mawili yangekuwa sahihi kibaiolojia, na hakuna hata moja ambalo lingemtambua kuwa Mswahili. Uswahili wake ulitokana na lugha ya Kibantu aliyolelewa nayo, dini, mji na watu waliomkubali kuwa mwenzao.

Wapo watakaopinga kwamba wazawa wa watumwa nchini Marekani hawana njia nyingine. Pingamizi hilo lina uzito. Katika sensa za 1850 na 1860, orodha za watumwa ziliandika umri, jinsia na rangi, na kwa kawaida hazikuandika majina. Ni sensa ya 1870 iliyowataja wengi wao kwa majina kwa mara ya kwanza. Mtu aliyenyang'anywa kumbukumbu za ukoo wake ana haki ya kutafuta kila dalili, na kipimo kinaweza kumkutanisha na binamu aliye hai Ghana au Sierra Leone. Lakini binamu huyo ndiye mwanzo wa safari. Ni yeye na wazee wake wanaoweza kueleza ukoo unavyohesabiwa kwao, na kama mgeni anapokelewa nyumbani.

Kwa hiyo kampuni zina wajibu wa kueleza bayana ni sampuli za jamii zipi zinazolinganishwa, na kuacha kuuza asilimia kana kwamba ni vyeti vya kabila. Nasi wasomi wa Afrika Mashariki tuziandike nasaba za koo zetu wangali hai wanaozijua, kwani simulizi zao hazihifadhiwi katika maabara yoyote.