Naguru: Mila Katika Nyumba za Kupanga

Kila mwaka baadhi ya wanafunzi wetu huandika kwamba Kiswahili kiliingia Kampala kwa mtutu wa bunduki: kwanza jeshi la mkoloni, kisha Idi Amin. Hatukatai kwamba kambini kilitawala. Lakini tungependa kuwapandisha wasomaji kilima cha Naguru, walikoishi watu wasio na bunduki.

Baada ya Vita Kuu vya Pili serikali ya kikoloni ilijenga mashariki ya mji mitaa miwili ya nyumba za kupanga kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, yaani Nakawa na Naguru. Nakawa ilikuwa ya kodi nafuu. Naguru walikaa zaidi wenye mishahara mizuri kidogo. Mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti humo kati ya 1962 na 1964, wakati Uganda na Kenya zinapata uhuru. Aliwakuta Waganda, watu wa kaskazini na mashariki ya Uganda, na Waluo na Waluhya wengi wa Kenya, wakiishi mlango kwa mlango.

Watu hawa hawakuacha mila zao stesheni. Waluo walikuwa na vyama vya koo vilivyochangisha fedha za kusafirisha maiti, maana Mluo huzikwa kwao. Shida ilikuwa nafasi. Kijijini kijana wa Kiluo hujengewa simba, nyumba yake mwenyewe, asilale chini ya paa moja na wazazi. Naguru simba ingejengwa wapi? Na mkwe je? Waganda wana obuko, Waluo na Waluhya nao wana miiko yao, na kote huko ni aibu mkwe kulala nyumba moja na mama mkwe. Akifika jioni mgeni wa namna hiyo, ni nani wa kuombwa malazi kama si jirani? Na jirani huyo huenda ni wa kabila jingine kabisa.

Aombwe kwa lugha gani? Kiluganda kilikuwa cha wenyeji, na si kila mgeni alitaka kuwanyenyekea. Kiingereza kilikuwa cha waliosoma. Kiswahili hakikuwa cha kabila lolote pale. (Upatanisho wa ngeli, tukiri, ungetumalizia wino mwekundu.) Parkin aliandika makala kuhusu uchaguzi wa lugha katika mitaa hiyo miwili, iliyotoka 1971 katika kitabu kilichohaririwa na Whiteley. Tunawasihi wanafunzi waisome kabla ya kurudia hadithi ya bunduki.

Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwaondoa maelfu ya wafanyakazi wa Kenya. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2011 nyumba zenyewe zikabomolewa na wapangaji wakatawanyika. Wazee waliokulia humo bado wapo mjini, nasi tungefurahi kumpata mwanafunzi wa kuwarekodi.