Soko la Chepilat na Suala la Kuaminiana

Katika nchi ya majani chai, Chepilat ni soko la mpakani: Sotik ya Wakipsigis upande mmoja, Borabu ya Wagusii upande wa pili. Liliteketezwa katika ghasia za mapema mwaka 2008. Mkataba waliotia sahihi Mwai Kibaki na Raila Odinga tarehe 28 Februari uligawa madaraka. Haukuweza kumhakikishia muuza ndizi usalama wa kuvuka mpaka. Wanahistoria hupenda mikataba, yamkini kwa kuwa ina tarehe. Kumkopesha jirani wa ng'ambo hakuna tarehe wala hati, ilhali ndiko kunakoonyesha kwamba mkopeshaji anatarajia kumwona tena juma lijalo. Na kwa kuwa Kipsigis ni lugha ya Kiniloti na Ekegusii ya Kibantu, mapatano hayo aghalabu hufanywa kwa Kiswahili, kisicho cha upande wowote.