Skuli ya Watoto wa Wahubiri

Watu wa pwani wajua tangu kale kuwa elimu ina madaraja, na kwamba mtoto aliyekwisha kuhitimu chuoni hupelekwa kwa shehe kufundishwa nahau na sarufi, kwani bila ya hizo vitabu vikubwa havifunguki. Watu wa Uingereza na Ireland nao walikuwa na itikadi iliyokaribiana na hii. Kwa karne nyingi mtoto aliyetarajiwa kuwa kasisi, tabibu au mwanasheria alitiwa kwanza katika skuli ya sarufi, na sarufi yenyewe ilikuwa ya Kilatini. Kilatini kimepungukiwa na hadhi yake, lakini jina limesalia. Na katika Ireland ya Kaskazini hata leo skuli ya sekondari ichaguayo wanafunzi wake kwa mtihani yaitwa skuli ya sarufi, ijapokuwa wengi wa wanafunzi hao hawakupata kunyambua kitenzi cha Kilatini maishani mwao.

Mojawapo ya skuli hizo imesimama mjini Belfast, katika barabara ya Malone, jirani na Chuo Kikuu cha Queen's. Jina lake rasmi ni Methodist College, nao wenyeji huiita Methody. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1865, na milango ikafunguliwa mwaka 1868 kwa wanafunzi 141. Wamethodisti walioijenga walikusudia mambo mawili: kuwafundisha wahubiri wao, na kuwasomesha wana wa wahubiri hao.

Haja hii ya pili haifahamiki ila kwa mtu anayeijua desturi ya madhehebu yao. Mhubiri wa Kimethodisti hakuwa na mji. Kwa kufuata mfano wa John Wesley, mwanzilishi wa madhehebu hayo, aliyeumaliza umri wake juu ya farasi akihubiri huku na huko, kila mhubiri alihamishwa baada ya muda mchache, aghalabu miaka mitatu, hata akawa hajazizoea sura za waumini wake ila ameletewa habari ya safari nyingine. Mkewe hufunga mizigo asiyoifungua yote. Na mtoto, aliyeanza hesabu za mafungu kwa mwalimu wa mji huu, huzikuta katika mji wa pili zimekwisha kupitwa, au hazijaanzwa kabisa. Dawa ya maradhi haya ilikuwa bweni: baba na ahame, mtoto atulie.

Basi ilikusudiwa kuwa skuli ya wavulana. Lakini haukutimia mwaka ila shauri hilo liligeuzwa, kwani katika mwezi wa tatu tangu kufunguliwa kwake wasichana walianza kupokewa, wakasoma darasa moja na wavulana. Yafaa msomaji azingatie jambo hili lilikuwa geni kiasi gani zama zile. Hata miaka 10 baadaye, serikali ilipokuwa ikitunga sheria ya elimu ya kati ya Ireland, ambayo ilitenga pauni milioni moja kutokana na mali ya Kanisa la Ireland, lililokuwa limekwisha kuondolewa katika daraja ya kanisa la dola, ili skuli zilipwe kwa kadiri wanafunzi wao walivyofuzu, wasichana hawakukumbukwa. Iliwapasa mabibi wa Belfast, Isabella Tod na Margaret Byers wakiwa mbele yao, waende London kudai haki hiyo. Nayo sheria ya 1878 ilipopita, wasichana walikuwamo. Wenzao wa barabara ya Malone siku hiyo walikuwa wamekwisha kukaa darasani miaka kumi.

Hata hivyo kukaa darasani si kukaa bwenini, na binti wa mhubiri aliye mbali alihitaji pahali pa kulala. Haja hiyo iliondolewa kwa mali ya Sir William McArthur, mfanyabiashara wa nguo za sufi aliyeanzia Londonderry, akapeleka bidhaa zake hadi Australia, akafikia kuwa Meya Mkuu wa London mwaka 1880. Tajiri huyu naye alikuwa mwana wa mhubiri wa Kimethodisti, mzaliwa wa Malin katika pembe ya kaskazini ya Donegal. Bweni la wasichana liitwalo kwa jina lake lilifunguliwa mwaka 1891, naye amekwisha kufariki.

Chini ya skuli kubwa ilikua skuli ndogo. Idara ya matayarisho ilipata nyumba mbili: Fullerton House katika kiwanja kile kile cha Malone, na Downey House huko Pirrie Park, ng'ambo ya mto Lagan. Kazi yake ni kumchukua mtoto akiwa bado hajui kalamu hushikwaje, na kumlea hata afikie miaka 11. Kwa muda mrefu haikuwa na ajabu, kwani mzazi alilipa ada chini na akalipa ada juu. Sheria ya elimu ya Ireland ya Kaskazini ya mwaka 1947 ndiyo iliyoigeuza maana yake. Tangu hapo kijana aliyefuzu mtihani wa miaka 11 aliweza kusomeshwa katika skuli ya sarufi kwa gharama ya serikali, awe mwana wa tajiri au wa fundi wa meli. Bali skuli ya matayarisho ilibaki ya kulipiwa. Fedha, zilipokoma kununua nafasi ya juu, zikawa zanunua utayari wa kuitafuta. Waliopata kukalia mtihani wa darasa la saba hawahitaji kufafanuliwa: karatasi ni moja, lakini njia za kuifikia haziko sawa. Uingereza yenyewe iliziacha skuli nyingi za aina hii baada ya 1965. Belfast haikuziacha, na serikali ilipouondoa mtihani wake, ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2008, skuli zenyewe ziliweka mitihani yao badala yake.

Pamoja na hayo, skuli hii haikusahau ilijengwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1915 ilimpokea bwenini mtoto wa miaka 11 au 12, Ernest Walton, ambaye kwa uhamisho wa babake mhubiri alikuwa amekwisha kusoma Banbridge na Cookstown. Miaka 17 baadaye, huko Cambridge, alitambaa sakafuni kuepuka hatari ya umeme, akaingia katika kijumba chenye giza, akaona vimulimuli juu ya kioo: yeye na John Cockcroft walikuwa wameupasua moyo wa atomu, kazi iliyowapatia tuzo ya Nobel mwaka 1951. Mwaka 1934 alimwoa Freda Wilson, binti wa mhubiri wa Kimethodisti, naye aliyesoma Methody. Baba zao walihama mji hata mji. Lakini wao, walipoulizwa walikosomea, jibu lao lilikuwa moja.