MSANII ALIYEKATIWA PRINTA YA DOLA 126,000 KWA MSUMENO

Leo stori ni ya printa, ila mhusika ni mwanamuziki.

Graham Nash, yule Mwingereza wa kundi la Crosby, Stills & Nash, alipenda kamera kama alivyopenda gitaa. Alikuwa na picha kwenye kompyuta, lakini akakosa mashine ya kuzitoa zikafaa kutundikwa ukutani. Ndipo akanunua printa ya IRIS 3047. Bei? Dola 126,000! Na wala haikutengenezwa kwa picha za sanaa. Ilikuwa ya wachapaji, kukagua rangi kabla kazi haijaingia mtamboni.

Sasa, karatasi nene za wachoraji zikawa hazipiti. Jamaa zake wakachukua msumeno, wakakata sehemu ya vichwa vya kuchapia ili karatasi ipate nafasi. Waranti ikafa hapo hapo! Ila picha zikatoka kali. Mwaka 1991 Nash na Mac Holbert, aliyekuwa meneja wa ziara za kundi, wakafungua Nash Editions kule Manhattan Beach, California. Mwaka huo huo Jack Duganne, fundi wao, akazipa picha hizo jina giclée, kutoka neno la Kifaransa lenye maana ya kurusha maji, maana printa inarusha wino.

Furaha ikaingia doa. Wino wenyewe haukuhimili mwanga, na baadhi ya picha zikapauka ndani ya miaka michache tu. Mtu kanunua sanaa, inamfifia ukutani anaiona!

Dawa ikawa wino wa pigmenti, yaani wenye chembe ndogo za rangi zinazovumilia mwanga. Mwaka 2000 Epson wakatoa Stylus Photo 2000P, printa ya kuweka mezani yenye wino huo. IRIS ya Nash sasa ipo makumbusho ya Smithsonian.

Kwa nini nawaambia haya? Picha ya marehemu bibi yangu tuliisafisha studio moja ya mtaani, printa mpya kabisa, picha inang'aa. Miaka minne baadaye uso hauonekani vizuri, na simu iliyokuwa na picha yenyewe ilishaibiwa.

Kwa hiyo wewe unayejichanga ununue printa mpya, usianze na kasi wala muonekano. Uliza wino kwanza. Printa utanunua nyingine, bibi harudi kupiga picha.

Wewe kwenu picha gani imepauka? Funguka!