Injini salama ya boti: Mambo ya kuzingatia katika pwani ya Cabo Delgado

Kutoka mlango wa mto Ruvuma hadi mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, bahari ndiyo barabara kuu ya watu wengi. Wakaazi wa Palma, Mocímboa da Praia na visiwa vya Quirimbas huitegemea kwa uvuvi, biashara na matibabu. Vyombo vyao vingi ni mashua za mbao zilizoundwa kwa ajili ya tanga, na ambazo baadaye hufungwa injini upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo.

Mnunuzi wa injini kwa kawaida huuliza kwanza kuhusu nguvu na mwendo wake. Swali linalookoa maisha ni jingine: je, chombo chenyewe kinaweza kuhimili kiasi gani?

Kwa nini jambo hili ni zito

Tangu mashambulizi ya wapiganaji wa itikadi kali yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, maelfu ya watu wamekimbia kwa njia ya bahari. Mwishoni mwa Oktoba 2020, makumi ya watu waliokuwa wakiyakimbia mapigano walikufa baada ya boti yao kuzama kati ya visiwa vya Ibo na Matemo. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, boti za kila aina zilitumika kuwahamisha watu kuelekea Pemba.

Aprili 7, 2024, katika mkoa jirani wa Nampula, karibu watu 100 walipoteza maisha karibu na Kisiwa cha Msumbiji. Boti hiyo ya uvuvi ilikuwa na watu wapatao 130, na maafisa walisema haikuwa na idhini ya kubeba abiria. Shehena kupita kiasi ndiyo hatari ya kwanza baharini. Injini isiyolingana na chombo huizidisha hatari hiyo, kwa kuwa humpa nahodha imani kwamba nguvu zitafidia uzito.

Nguvu ipimwe kwa chombo

Mashua ya mbao yenye tumbo la duara haipandi juu ya maji kama boti bapa ya faiba. Huyakata maji na kusukuma wimbi lake yenyewe. Kwa mashua yenye urefu wa mita 7 kwenye usawa wa maji, mwendo wake wa asili ni takriban kilomita 12 kwa saa. Injini kubwa zaidi haiongezi mwendo huo kwa kiasi kikubwa. Huiinua omo, huizamisha tezi, huongeza matumizi ya petroli na kuyakaribisha mawimbi yaingie kwa nyuma.

Uzito nao una maana. Injini ya nguvu za farasi 15 huwa na uzito wa kilo 40 hadi 50 kutegemea aina yake, ilhali ya farasi 40 huweza kupita kilo 70. Uzito huo wote, pamoja na msukumo na mtikisiko, hubebwa na ubao wa tezi. Ubao uliooza au wenye misumari iliyoliwa na kutu huweza kung'oka chombo kikiwa safarini. Kanuni hii ndiyo inayowaongoza pia mafundi wa magari ya mashindano wanaoongeza nguvu za injini kwa gesi ya naitrasi oksaidi: nguvu huongezwa kwa kipimo cha sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, si kwa kipimo cha tamaa ya dereva.

Kwa boti za kiwandani, kibao cha mtengenezaji hutaja nguvu ya juu inayoruhusiwa. Mashua za kienyeji hazina kibao hicho, hivyo fundi aliyeiunda ndiye wa kuulizwa kabla ya injini kununuliwa.

Urefu wa mguu wa injini uangaliwe pia. Mguu mfupi hufaa ubao wa tezi wenye kimo cha takriban sentimita 38, na mrefu kimo cha sentimita 51. Mguu ukiwa mfupi mno, rafadha, au propela kama wengi waiitavyo, hutoka majini kwenye mawimbi na injini huzunguka bure. Ukiwa mrefu mno, hugonga miamba na mchanga maji yanapokupwa, jambo la kawaida katika pwani hii ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita nne.

Mapigo mawili au manne?

Injini ya mapigo mawili ni nyepesi, ina sehemu chache na hutengenezeka kwa vifaa vya kawaida. Kwa nyingi kati ya hizo, oili huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huo ndio pekee unaolainisha sehemu za ndani. Kiwango kinachotumika sana ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa lita 20, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Oili ikipunguzwa ili kuokoa fedha, pistoni huungua, na mara nyingi hilo hutokea mbali na nchi kavu.

Injini ya mapigo manne hula petroli kidogo na haina moshi mwingi. Hata hivyo ni nzito zaidi, bei yake ni ya juu, na huhitaji kubadilishiwa oili kwa ratiba. Pasipo na fundi wala vipuri karibu, injini iliyo bora kwenye karatasi huweza kuwa mzigo.

Anayenunua injini iliyotumika afungue oili ya gia. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya chumvi yameshaingia ndani.

Petroli na usalama wake

Injini ya mapigo mawili ya farasi 15 ikiendeshwa kwa nguvu zote hutumia takriban lita saba kwa saa. Mabaharia wengi duniani hugawa petroli kwa mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba. Akiba hiyo ni muhimu hasa wakati wa kusi, upepo wa kusini unapomkabili anayeelekea Pemba.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini ya chombo, na cheche moja hutosha kuuwasha. Tangi la kubebeka lijazwe nchi kavu, mbali na moto na sigara.

Kabla ya kung'oa nanga

Injini ifungwe kwa mnyororo wa ziada ili isipotee ikichomoka. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwa nahodha, kwani akianguka majini, injini huzimika badala ya chombo kumzunguka na rafadha ikiwa inakata. Mara injini inapowaka, mshipa wa maji utoke kwa nguvu ubavuni. Usipoonekana, maji ya kupoza hayazunguki na injini izimwe mara moja. Plagi za akiba, pini ya rafadha, spana na kamba viwemo chomboni, na kila abiria awe na jaketi la kujiokolea. Baada ya safari, injini isafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Usafiri wa abiria huhitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa baharini ya Msumbiji. Safari na uvuvi pia vimewekewa vikwazo mara kadhaa kwa sababu za kiusalama, na nahodha hana budi kuuliza kabla ya kuondoka.

Mwisho, injini isiwe sababu ya kuacha tanga na makasia nyumbani. Mashua iliyoundwa kwa upepo bado inaweza kuwarudisha watu pwani injini inapozimika.