Mpwa wangu kapata 8

Wiki iliyopita dada yangu kajifungua. Kwenye karatasi ya hospitali nikaona pameandikwa "Apgar 8/10". Jamani, mtoto wa dakika moja tayari kafanya mtihani!

Nikaanza kuchimba. Kumbe Apgar ni jina la mtu: Dk. Virginia Apgar, Mmarekani, daktari wa nusukaputi. Mwaka 1949, wakati wa kifungua kinywa, mwanafunzi alimuuliza mtoto mchanga anapimwaje. Akachukua kikaratasi kilichokuwa karibu, akaandika mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, kushtuka akiguswa, kukaza viungo, na rangi. Kila moja alama 0 hadi 2. Akayachapisha 1953.

Kabla ya hapo macho yote yalikuwa kwa mama. Mtoto aliyetoka wa bluu na mlegevu mara nyingi aliwekwa pembeni, akahesabiwa kazaliwa mfu. Sasa ilibidi mtu asimame amtazame. Tena Apgar alitaka anayepima asiwe yule aliyezalisha, asije akajipendelea (hapo nikampenda kabisa).

Kinachonikera ni ile rangi. Alama 2 hupewa mtoto wa pinki mwili mzima. Huyu wa kwetu, mwenye weusi wa babu yake, pinki aitoe wapi? Apgar mwenyewe aliandika mwaka ule ule wa 1953 kwamba kipimo hicho ndicho kibovu kuliko vyote, na kwamba ngozi nyeusi inakitatiza. Kikabaki. Wakunga wazoefu huangalia midomo na ulimi.

Nimemuuliza dada zile alama 2 zilikatwa wapi. Hakuna aliyemwambia.