Wakaao Ukingoni: Dusi, Lamu na Bwawa la Nairobi

Kayaki ilizaliwa kwenye baridi kali. Wainuiti wa Greenland na kaskazini mwa Kanada waliitengeneza kwa ngozi ya sili iliyovutwa juu ya kiunzi cha mbao zilizookotwa ufukoni, na kila mwindaji alikipima chombo chake kwa mwili wake mwenyewe. Hakubeba mwenzake. Akipinduka, ilimbidi ajiinue kwa kafi lake, kwa kuwa maji yale humuua mtu upesi. Wazungu wakaigeuza mchezo. Iliingia Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, na mbio za maji ya kasi zikaongezwa Munich mwaka 1972. Mpaka leo mshindani hukaa peke yake chomboni, au na wenzake wachache tu.

Huku kwetu mashindano ya majini yamekuwa ya kundi. Lamu, siku ya mashindano ya mashua, nahodha hushika usukani, wengine hushughulika na tanga, na mabaharia wepesi hutoka nje juu ya ubao ili uzito wao uzuie chombo kisilale kwa upepo. Chombo kikifika mbele, kinachosifiwa ni kijiji: Matondoni, Shela, Kipungani. Katika ufalme wa Buganda, Uganda, husifiwa ukoo. Stanley, msafiri wa Kizungu, alipofika kwa mfalme wake, Kabaka Muteesa, mwaka 1875 aliikuta mitumbwi mirefu ya vita, iliyoundwa kwa mbao zilizoshonwa, na jemadari wa mitumbwi hiyo alikuwa Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mmamba. Vita vimekwisha, lakini koo za Buganda bado hushindana ziwani mbele ya Kabaka wao.

Tofauti ya mtu mmoja na kundi huonekana mara moja, na wengi huishia hapo. Mimi naona iliyo kubwa zaidi ni nyingine: je, wanaoshindana ndio wanaoishi na maji yale? Baharia wa Lamu anayeshindana leo kesho atavua au atabeba mizigo kwenye mkondo huohuo. Pwani ikiharibika, imeharibika kazi yake.

Mfano unaonivuta zaidi uko Afrika Kusini. Mbio za Dusi hutoka Pietermaritzburg hadi Durban, kama kilomita 120, kwa kufuata mito Msunduzi na Umngeni. Zilianza mwaka 1951, na aliyeshinda mara ya kwanza, Ian Player, ndiye pekee aliyefika mwisho. Alitumia siku sita na njiani aliumwa na nyoka. Siku hizi ni mbio za siku tatu, na sehemu ngumu kuliko zote ni nchi kavu, kwa sababu mshindani hubeba kayaki begani na kukimbia nayo vilimani ili akwepe maporomoko au apate njia ya mkato. Kwa miongo mingi zilikuwa mbio za Wazungu, huku Wazulu wa mabondeni wakisimama kandokando wakitazama. Baadaye vijana wa mabonde hayo wakaingia wenyewe, na mwaka 2014 Sbonelo Khwela alishinda pamoja na Andy Birkett. Mwaka huohuo Siseko Ntondini, kijana wa Soweto, akiwa chombo kimoja na mwalimu Piers Cruickshanks, alimaliza miongoni mwa kumi bora. Habari yao ilitengenezewa filamu, *Beyond the River*, mwaka 2017.

Mto ule si safi. Wapiga makafi wa Dusi huugua tumbo la kuhara mara kwa mara kwa sababu ya majitaka. Lakini hao hao wanaougua ndio waliopiga kelele, na walikuwa miongoni mwa walioanzisha shirika la kuihifadhi mito hiyo miwili.

Sasa tuje Kibera, mtaa wa Nairobi ulio kando ya bwawa. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 kwa kuuzuia Mto Motoine, ili mji uwe na akiba ya maji ya dharura. Palikuwa na klabu ya mashua za tanga, na watu walikuja kujiburudisha mwishoni mwa wiki. Kisha majitaka, tope na takataka zikaingia, magugu maji yakatanda, na mashua zikaondoka. Wanachama walikuwa na mahali pengine pa kwenda. Watu wa Lindi na Silanga, vijiji vya Kibera, hawakuwa na pengine, na hakuna aliyekuwa amewapa kafi. Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, nayo ina Mto Nairobi upande wa Kangemi, mto utokao kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, na watoto wake wameujua kama mahali pa kukatazwa na mama.

Wala Kibera haikosi watu wa maji. Wanubi wake ni wajukuu wa askari waliotoka nchi za Nile. Waluo wake wana ndugu wanaovua Ziwa Victoria. Mto unaotoka bwawani kwa jina la Ngong huungana na Mto Nairobi, kisha Athi, na hatimaye, kwa jina la Sabaki, huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Baharia wa pwani hupokea kile tunachotupa Silanga.

Usafi peke yake hautoshi. Jinja, vijana wa Uganda waliolelewa kando ya Nile wamekuwa mabingwa wa kayaki na waongozaji wa watalii, lakini bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, lilizamisha maporomoko waliyojifunzia. Mto una wenye nguvu zaidi ya wapiga makafi.

Singemtia mtoto kwenye Bwawa la Nairobi leo. Lakini Sagana, kwenye Mto Tana, iko kama kilomita 100 tu kutoka Nairobi, na maji yake ya kasi hutumika kwa mchezo huu tayari. Vijana wa Kibera na Kawangware waanzie huko, walipiwe nauli na mafunzo. Na siku bwawa litakapozolewa tope, wanaopanga kazi hiyo waandikishe klabu ya kwanza Lindi, Silanga na Gatina ya Kawangware kabla hawajagawa hata kiwanja kimoja cha ukingoni.